Safari ya Kukausha Maziwa

Wanawake wenzangu wa darasa la kisomo, mmenichosha. Kisimani mmeniuliza, kwenye shamba la ujamaa mmeniuliza, na Jumapili iliyopita, katikati ya sala, kuna mtu alinivuta kanga akaninong'oneza, "Ehe, na Tabora kulikuwaje?" Nikisimulia leo, Mama Masanja anasema jana sikusimulia hivyo. Basi nimeandika. Herufi sasa mnazijua. Someni wenyewe kwa zamu, na anayekwama mwacheni akwame kidogo, ndivyo mtu anavyojifunza.

Nilikwendea nini? Wengine mnajua, wengine mnajidai hamjui. Nilikwenda kukausha maziwa.

Shija wangu, huyu aliyewafuata mapacha, alikuwa ameshaota meno yote na anajua kukimbiza mbuzi, lakini chakula chake kilikuwa ziwa. Ugali anautema. Uji anaumwaga. Mlenda, ambao hata mgonjwa unamteleza wenyewe kooni, anaukunjia uso. Dada wa zahanati alimning'iniza kwenye mizani, akautazama mshale, halafu akanitazama mimi. "Mama Kulwa," akasema, "mtoto huyu ana njaa huku ananyonya. Sasa hivi anahitaji kula." Nilirudi nyumbani miguu mizito.

Nilipaka pilipili. Akalia, akanywa maji, akarudi. Nilipaka shubiri. Akashika ncha ya kanga yangu mwenyewe, akalifuta ziwa vizuri kama mtu anayefuta kikombe cha mgeni, akanyonya. Baba Kulwa alicheka mpaka nikamnunia.

Hapo ndipo mama mkwe alipofunga safari kutoka Nzega. Mnamjua. Akiingia kijijini hata mbwa wanakaa vizuri. Alimpakata Shija, akampapasa mbavu, akasema, "Ziwa haliachi kunyonywa mwenye ziwa akiwa ndani. Ondoka. Nenda kwa watu wako mjini ukae mpaka likauke, mimi nitabaki na wajukuu." Nikasema ndiyo mama. Akaongeza, "Lakini ukinirudia na maziwa kifuani, Shija naondoka naye. Nitamlea kwangu, utamwona akiota meno ya pili."

Msidhani alikuwa ananitisha. Kwetu ni desturi, na Baba Kulwa mwenyewe alilelewa na bibi yake hivyo hivyo, mpaka leo akimtaja marehemu bibi sauti inabadilika kuliko akimtaja mama. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nakwenda Tabora kumpigania mwanangu kwa kumkimbia.

Kutoroka kwangu mwenyewe

Mama mkwe aliwatuma mapacha wampeleke Shija kutega panzi kule kwenye mabua. Walipopotea machoni, nikatoka kwa mlango wa jikoni na mzigo wangu: kibuyu cha asali, kapu la matobolwa, na nguo mbili. Matobolwa ya mwaka huu mnayakumbuka, viazi vilichemshwa vikakauka vizuri, vikawa vitamu kama tende. Mtu anayeondoka kwake bila kuaga anajiona mwizi. Nilikuwa nainama nikipita nyuma ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, na balozi akaniona, akanisalimia kwa sauti kubwa kabisa, "Mama Kulwa, safari njema!" Nikatamani ardhi inimeze.

Baba Kulwa alinipakia kwenye baiskeli. Njia ya kwenda Tura mnaijua, miombo kushoto, miombo kulia, na ndorobo wanauma hata kwenye nguo. Yeye anakanyaga, mimi nawapiga ndorobo mgongoni mwake, wengine nawapiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ya kile kicheko chake cha shubiri. Tulipokaribia reli akasema bila kugeuka, "Usirudi mapema."

"Umeshanichoka?"

"Nimechoka kumwona mtoto mwembamba," akasema. Alikuwa amesema kweli.

Tura, mahali pa kungoja

Garimoshi lilikuwa la asubuhi. Asubuhi ikapita, tukaanza kuliita la mchana. Bwana wa stesheni alikuwa anatoka, anatazama reli, anatuambia, "Ndugu abiria, linakuja," anaingia ndani. Alisema hivyo kwa upole kila mara, hata hasira zikatuishia.

Nilikaa kwenye kivuli cha jengo nikamfikiria babu yangu mzaa baba. Alikuwa mpagazi. Alipita Tura hiyohiyo na pembe ya ndovu begani, akaenda kwa miguu mpaka pwani akarudi. Zamani kwetu kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka aone bahari. Na sisi wanawake, ili tuhesabiwe, tulitumwa wapi? Kisimani. Niliwaza hivyo nikacheka peke yangu, mama mmoja muuza kuku wa kuchemsha akadhani namcheka kuku wake. "Cheka," akasema, "ukimwonja utanyamaza." Nikanunua paja, nikaonja, nikanyamaza. Kuku yule alikuwa amepikwa na mtu anayejua chumvi. Nilikula paja zima peke yangu, na nilipomaliza nikakuta nimeacha kipande kidogo cha nyama laini pembeni, kama ninavyomwachia Shija siku zote, ingawa anakitema. Nikakitazama kile kipande. Halafu nikakila.

Ndani ya behewa, na hongo ya Mgogo

Garimoshi lilipofika jua lilikuwa upande wa pili. Nikapata nafasi dirishani. Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa makamo, na pembeni yake mwanamume mrefu wa Kigogo aliyekuwa anakwenda kumtazama ndugu yake Tabora.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Tangu alfajiri sikuwa nimenyonyesha. Tulipoanza kuondoka, mtoto wa mtu akalia behewa la nyuma, na maziwa yakatoka kama yameitwa jina. Gauni lote mbele likalowa. Yule bibi akanitazama, akatazama mapajani pangu, akatazama chini ya kiti, kisha akapiga ukelele: "Jamani! Huyu mama amesahau mtoto Tura!"

Watu wa behewa zima wakasimama. Mmoja anasema vuta mnyororo garimoshi lisimame, mwingine anasema mwite kondakta, mwingine anatoa kichwa dirishani kuangalia kama mtoto anaonekana kwenye reli. Mimi nasema hapana, hapana, hakuna anayesikia. Yule Mgogo alikuwa ameshaushika mnyororo. Ikabidi nisimame juu ya kiti, mimi mwalimu wenu, nipaze sauti kama niko mbele ya darasa: "Mtoto yuko nyumbani kwa bibi yake! Naachisha ziwa!"

Wanawake wakacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi ya dada yangu. Hapo nikapata mashauri ya kunitosha maisha: nisinywe uji, nisinywe maji mengi, nijifunge kitambaa kipana, nisilale kifudifudi, nisisikilize mtoto akilia. Hilo la mwisho niliuliza linafanywaje, wakazidi kucheka.

Mgogo aliachia mnyororo, akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Uso wake ukang'aa, mngedhani amekuta mali. "Mtani wangu!" akasema. "Babu zako walipita kwetu na misafara wakanywa maji yetu. Wengine wamepita usiku bila kutoa hongo ya njia. Leo nakudai." Akainama, akafungua kapu langu, akachota matobolwa kwa mikono miwili, akaanza kula.

"Wagogo mna njaa tangu enzi hizo," nikamwambia.

"Na Wanyamwezi mnabeba mizigo tangu enzi hizo. Tazama hata leo unasafiri na kapu."

Mnajua mtani hachukiwi. Alikula hongo yake mpaka Goweko, huku ananitukania babu na mimi namtukania ng'ombe zake, na tulipofika Tabora alinishushia kapu, akalibeba kichwani mwake mpaka nje ya stesheni kwa heshima zote. "Leo Mgogo amekuwa mpagazi," nikasema. Akasema hilo asilisikie mtu wa Dodoma.

Isevya, walipoficha ufagio

Rafiki yangu Salma nilisoma naye shule ya kati. Ameolewa na fundi cherehani, wanakaa Isevya, nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na barazani ndipo mumewe anaposhonea. Salma aliponiona hakusalimu. Alinizunguka mara moja, akasema, "Shoga, umekwisha. Ingia." Akanifunga kifua na kitambaa cha shuka kuukuu, akakaza kwa goti, nikaona nyota mchana. Halafu akaniletea kahawa na halua.

Jamani, Tabora! Nawaambia, ule mji una adabu. Watu wanasalimiana mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mtoto wa barabarani anakuamkia shikamoo, anangoja marahaba yake, ndipo anaendelea kukimbia. Mzee wa duka anakuuliza habari za kwenu kwanza, shamba, mvua, wazazi, halafu ndipo mnazungumza habari ya sabuni. Sokoni kuna mchele umemwagwa chungu chungu mweupe, kuna samaki wa migebuka waliokuja na reli kutoka Kigoma, kuna uyoga, kuna mboga za mashamba ya Ntalikwa bado zina umande. Kuna mafundi wa bati wanagonga mchana kutwa, na ukipita wanaacha kugonga ili usikie ukisalimiwa. Redio inasema kwenye kila baraza, na habari ikisomwa wanaume wanajibu redio kana kwamba inasikia.

Asubuhi ya kwanza niliamka alfajiri nikatafuta ufagio. Sikuuona. Nikatafuta ndoo, sikuiona. Nikaenda jikoni nichochee moto, mlango umefungwa. Nikamkuta Salma ameketi ukumbini ananitazama kwa raha. "Nimeficha kila kitu," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mnajua kukaa ni kazi ngumu? Mikono nilikuwa naiweka hapa, naiweka pale. Mpaka jua linatoka nilikuwa nimeshakunja na kukunjua kanga yangu kama mwendawazimu. Siku ya tatu nikamwambia Salma, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nipe jembe." Akanijibu, "Majembe yako Ntalikwa kwa shemeji yangu. Hapa kuna viti tu."

Basi nikajifunza kukaa. Na nilipojifunza, nikakuta ni kitu kitamu. Mumewe, bwana yule mpole, alikuwa akishona barazani ananisomea gazeti kwa sauti, kila habari na maoni yake. Jioni Salma alinichukua tukatembea tu, hatuendi popote, chini ya miembe ya barabara kubwa, wanawake wawili bila ndoo kichwani. Siku moja alinipeleka kwenye hoteli ya chai karibu na soko. Tukaketi mezani, tukaletewa wali na samaki. Nilikula samaki mzima, kichwa na mkia, bila kumchambulia mtu miiba. Tangu niolewe sijawahi. Nilipokuwa katikati ya samaki machozi yakanitoka, Salma akauliza kama ni pilipili, nikasema ndiyo, akanisogezea maji na hakuuliza tena.

Maana furaha yote hiyo ilikuwa na mwenzake. Kila mtoto akilia, na Isevya watoto wanalia kila nyumba, nilikuwa nimeshasimama kabla sijafikiri. Mwanzoni kifua kiliuma kama jipu, homa ikanishika, Salma akanikanda na maji ya moto. Kisha maumivu yakapungua. Kitambaa kikawa kinabaki kikavu mpaka adhuhuri, halafu mpaka jioni. Asubuhi moja nilikifungua, nikajibana mwenyewe, hakikutoka kitu. "Salma, yamekwisha," nikasema. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani ameolewa. Nami nilipiga vigelegele pamoja naye, halafu nikaingia chumbani nikakaa kitandani peke yangu kwa muda.

Bwana wake alimshonea Shija kaptula ya khaki. Nikammwagia Salma machozi yangu begani, nikapanda garimoshi la kurudi. Nilikuwa mkavu, nimenenepa, na mwanangu alikuwa wangu.

Goweko, tulipokwama

Behewa la kurudi lilitoka Kigoma. Nilikaa karibu na bibi wa Ujiji, Bi Aziza, amejitanda vizuri, mkononi tasbihi. Binti yake alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele yetu, amefunikwa kanga mbili, anatetemeka kwa malaria. Alikuwa anapelekwa kwa mumewe Morogoro. Na mapajani mwa Bi Aziza kulikuwa na mtoto mchanga wa kike, jina lake Rehema, anayelia.

"Homa imemkata mama yake maziwa tangu jana," Bi Aziza akaniambia. Alikuwa anamtonesha mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Mimi niligeukia dirishani. Niliitazama miombo kwa bidii ambayo haijawahi kutazamwa nayo.

Goweko tukasimama. Tukaambiwa mabehewa ya mizigo yameacha reli huko mbele, tungoje. Watu wakashuka, wakawasha moto, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakafanya urafiki. Sukari ya Bi Aziza ikaisha. Abiria wakamchangia sukari, mtoto akaitapika. Vijana wakaenda nyumba za jirani kuomba maziwa ya ng'ombe, wakarudi na kibuyu cha mtindi, na mtoto mchanga kama yule hapewi mtindi. Kilio chake kikawa kinapungua. Nyie mmezaa, mnajua. Mtoto anayelia kwa nguvu hatuogopi. Tunamwogopa anayeacha.

Na kifua changu kikaanza kusisimka. Nilikifunga kwa mikono yote miwili. Nikasema moyoni, nyamaza, yamekwisha, Salma ameshapiga vigelegele. Nilimwona mama mkwe ananitazama kifuani. Nilimwona Shija anapanda basi la Nzega. Niliwaza, nikimpa huyu ziwa mara moja, maziwa yatarudi yote, na mwanangu ataondoka. Halafu mtoto akafanya sauti ndogo, sauti ya mwisho wa kilio, na gauni langu likalowa.

"Mama, nipe huyo mtoto," nikasema.

Bi Aziza alinitazama gauni, akaelewa. Lakini akamkumbatia mtoto akamrudisha nyuma. "Ngoja kwanza," akasema. "Wewe ni dini gani?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mimi natoa roho yangu hapa, yeye ananiuliza dini! "Mimi Mmoravian," nikamwambia, "na maziwa yangu hayajabatizwa. Mnyime basi, afe Mwislamu."

Bi Aziza hakukasirika. Aliweka tasbihi chini, akanishika mkono. "Mwanangu, hujanielewa. Sikunyimi kwa sababu ya dini yako. Nakuuliza ujue dini yangu inasema nini. Kwetu ziwa si maji. Ukimnyonyesha Rehema, utakuwa mama yake. Wanao watakuwa ndugu zake, hawataoana naye milele. Watu wa sheria wana hesabu yao, wanataka anyonye mara ngapi na ashibe vipi. Mimi sihesabu. Ziwa moja kwangu ni ziwa. Kwa hiyo siwezi kumpa mtu nisiyemjua awe mama wa mjukuu wangu halafu ashuke stesheni apotee. Niambie u nani."

Nikaona haya. Nikamwambia jina langu, la baba yangu, la babu yangu mpagazi, la kijiji chetu. Akauliza watoto. Nikasema Kulwa, mvulana. Doto, msichana. Shija, mvulana. Akayarudia yote kwa sauti, akageuka kwa abiria: "Ndugu zangu, mmesikia? Kulwa, Doto na Shija, wa kijiji cha jirani na Tura. Rehema binti Juma, wa Ujiji. Kuanzia leo ni ndugu." Watu wakaitikia, tumesikia. Mzee mmoja Mwarabu aliyekuwa pembeni akayarudia majina yote kama anaandika kichwani. Na yule mgonjwa, mama wa mtoto, akafunua kanga usoni, macho mekundu kwa homa, akasema kwa sauti ndogo, "Ahsante, mama mwenza."

Nikapewa Rehema. Alishika ziwa kwa njaa mpaka nikauma meno. Mwanzoni hakikutoka kitu cha maana. Alivuta, akapumzika, akavuta, halafu yakaja, jamani, yakaja yote niliyokuwa nimeyafukuza Isevya. Nilimtazama anavyomeza. Nililia kwa ajili ya Shija, na nilifurahi kwa ajili ya huyu, na sikuweza kuvitenganisha.

Tulikaa Goweko mpaka Rehema akanyonya tena, na tena. Tulipofika Tura hata hesabu ya watu wa sheria ilikuwa imetimia. Bi Aziza alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, bwana wa stesheni akamngoja amalize ndipo akapunga bendera.

Nyumbani

Baba Kulwa alikuwa ananingoja na baiskeli. Alinitazama kifuani, nami nikamweleza yote njiani, mgongo wake ukiwa mbele yangu. Akazidi kukanyaga. Hata ndorobo sikuwapiga.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, anabangua karanga. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama usoni. Alitazama gauni.

Nikamsimulia, kuanzia Goweko mpaka dua. Aliendelea kubangua. Mlangoni nyuma yake niliuona mzigo wake umeshafungwa kwa safari, na juu ya mzigo fulana ya Shija imekunjwa vizuri.

"Kwa hiyo umeniongezea mjukuu Ujiji," akasema mwishoni, "na mimi sijaulizwa."

"Ndiyo, mama."

"Anaitwa nani?"

"Rehema."

Akalisema lile jina taratibu, akaokota karanga nyingine. "Hukuwa na la kufanya. Lakini neno langu ulilisikia."

"Nililisikia, mama."

Mapacha wakaingia mbio, na nyuma yao Shija. Mashavu yalikuwa yamejaa. Miguu ilikuwa na nyama. Kulwa akafungua mdomo aseme kitu, bibi yake akamnyooshea kidole. "Mtu asimwambie chochote."

Shija alisimama mbali akanitazama, kama mtu anayetafuta jina. Kisha akaja polepole, akashika goti langu. Maziwa yalikuwa yanatoka, nilishindwa kuyazuia, yalikuwa yanatoka mbele ya mama mkwe na mbele ya wote. Nilifumba macho, nikangoja mkono wake uingie ndani ya gauni, kama siku zote.

Aligusa kwa kidole pale palipolowa. Akakitazama kidole. "Mama," akasema, "umemwagikiwa na nini?"

Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Maji, baba. Mama yako amemwagikiwa maji."

"Aa," akasema Shija, akaondoka.

Mama mkwe alijikung'uta maganda ya karanga, akainuka, akaichukua ile fulana juu ya mzigo wake akanipa mkononi. "Iweke ndani," akasema. "Kesho nitaondoka mapema."

Nililia, wenzangu. Nililia kama aliyefiwa, mpaka Baba Kulwa akaacha baiskeli ikaanguka akaja mbio, akidhani mama yake ameshamchukua mtoto. Shija alikuwa palepale uani, anamnyang'anya Doto kiazi, anakula.